Taarifa, Onyo na Wito: Istilahi za Madai ya Hakimiliki katika Intaneti

Mfasiri akabidhiwapo barua ya kisheria, jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kama barua hiyo inaarifu, inaonya, inaamuru au inahukumu. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za barua ambayo mteja huletewa na kampuni inayompa huduma ya intaneti, ikidai kwamba akaunti yake imetumika kunakili filamu, muziki au kitabu bila idhini. Tutachukua mfano wa Kanada, ambako sheria imelieleza jambo hili waziwazi, na ambako wamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Afrika Mashariki ambao huenda wakahitaji kufasiriwa barua hizo kutoka Kiingereza au Kifaransa.

Kwanza tutazame utaratibu wenyewe. Programu nyingi za kugawana mafaili hupokea na kutoa kwa wakati mmoja. Mtu anaposhusha filamu, vipande vyake hupelekwa kwa wengine pia, na namba ya anwani ya intaneti anayoitumia huonekana. Mwenye hakimiliki huiona namba hiyo, lakini hajui ni ya nani. Tangu tarehe 2 Januari, 2015, sheria ya Kanada huilazimisha kampuni ya intaneti kuifikisha barua ya mdai kwa mteja, na kuhifadhi kumbukumbu za kumtambulisha kwa miezi 6, au mwaka 1 iwapo kesi imefunguliwa. Kampuni haitakiwi kuchunguza ukweli wa madai. Mdai akitaka jina la mteja, hana budi kuomba amri ya mahakama. Hapa kampuni ni tarishi tu.

Kutokana na hayo, tuyapime maneno ambayo mfasiri angeweza kuyatumia:

(a) Onyo. Neno hili halifai. Barua ya onyo kazini hutolewa na mkubwa aliyekwisha kuamua kuwa kosa limetendeka. Hapa hakuna aliyeamua lolote.

(b) Notisi. Neno hili lina hatari yake. Mpangaji apewapo notisi hujua kuwa ameamriwa kuhama kwa tarehe fulani. Barua tunayoizungumzia haina amri ya namna hiyo.

(c) Wito. Hili ni neno la mahakama, na lisitumiwe nje yake.

(d) Taarifa ya madai ya ukiukaji wa hakimiliki. Hili ndilo tunalolipendekeza. Neno "madai" lisiachwe hata kama kichwa cha barua kitarefuka, kwa maana likiachwa, tuhuma hugeuka kuwa ukweli uliothibitishwa.

Vivyo hivyo mfasiri asimwite mpokeaji "mkiukaji". Yeye ni "mteja" au "mwenye akaunti". Namba ya anwani huonyesha akaunti, haimwonyeshi mtu. Mtumiaji aweza kuwa mtoto, mgeni au jirani aliyelijua neno la siri. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilikumbusha jambo hilo mwaka 2018.

Tofauti hizi zina uzito. Mtu aliyesomewa "hukumu" aweza kutuma fedha asizodaiwa kisheria, au kuandika barua ya kukiri ambayo baadaye itakuwa ushahidi dhidi yake. Sheria ya Kanada haimlazimishi mpokeaji kuijibu taarifa hii. Tena, tangu Desemba 2018, imekataza taarifa hizo kubeba ombi la malipo, pendekezo la kumaliza madai kwa fedha, au ombi la habari za binafsi. Basi mfasiri akikuta maneno hayo, ayafasiri kama yalivyo, wala asiyalainishe, ili mwenye barua aweze kuyaona.

Hata hivyo, taarifa si karatasi ya kutupwa. Yampasa mpokeaji aihifadhi, aangalie tarehe, saa na jina la kazi iliyotajwa, aulize nani alitumia intaneti wakati huo, akomeshe unakili kama upo, na abadilishe neno la siri. Ikiwa zitafika hati za mahakama, hapo ndipo neno "wito" au "hati ya madai" linapostahili, na ni lazima kujibu katika muda uliotajwa, kwa msaada wa mwanasheria. Kwa ukiukaji usio wa kibiashara, fidia iliyowekwa na sheria ni kati ya dola 100 na dola 5,000 za Kanada kwa kesi nzima.

Mfasiri asidhani kuwa utaratibu huu ni wa nchi zote. Nchini Kenya, marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka taarifa ya aina nyingine, inayotaka kazi iliyowekwa mtandaoni iondolewe. Hiyo tungeiita "taarifa ya kutaka uondoaji", na jibu lake "taarifa ya kupinga". Huko kunyamaza kuna matokeo: pasipo taarifa ya kupinga, kampuni hutakiwa kufunga njia ya kuifikia kazi hiyo katika saa 48 za kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua istilahi, mfasiri ajiulize maswali matatu: Nani anasema? Amethibitisha au anadai? Mpokeaji akinyamaza, litatokea nini? Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha ni neno lipi linalofaa.