Mbwa wa Bretagne: bei ya kununulia ni mwanzo tu

Mfanyabiashara wa Mbeya au Iringa anayetafuta mlinzi wa duka asiagize Épagneul Breton. Mbwa huyu wa Ufaransa, mwenye kilo 14 hadi 18, alizalishwa kwa kunusa na kuonyesha ndege walipojificha. Ukali wa mlinzi hana. Kwa mwindaji wa kwale mwenye kibali, hesabu ni nyingine.

Baridi ya Nyanda za Juu haimsumbui sana. Kinachotoboa mfuko ni kupe: manyoya yake huwaficha, nao huleta homa inayoweza kumwua. Akaguliwe kila jioni, hasa masikioni, kwani masikio yaliyolala hushika unyevu na kupata vidonda. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Akifungiwa bandani kutwa, hubweka na kufukua bustani.