Nyuzi za Mgomba na Mvua ya Isingiro

Ukitoka mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, mwendo wa kama kilomita 60, migomba inakusindikiza sehemu kubwa ya njia, na malori ya matoke yanapishana nawe. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Kila mkungu unaopakiwa umeacha shina zima shambani, na mkulima hulicharanga na kulitandaza chini ya migomba iliyobaki. Wahandisi wakiliona shina hilo wanawaza nyuzi, na nyuzi hizo wanataka kuziweka kwenye kompositi.

Kompositi ni nyuzi zinazobeba mzigo pamoja na gundi inayozishika na kuugawa mzigo huo kati yake. Kuiona hakuhitaji maabara. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza kutoka Rwanda, kisha Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na nyumba nyingi huko hujengwa kwa udongo. Udongo hustahimili kugandamizwa, lakini ukivutwa hupasuka. Nyasi zilizokandwa ndani yake huzuia ufa usienee, na fito huushika ukuta usiangushwe na upepo. Hata turubai la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, la mita 4 kwa 5 ni ndugu wa ukuta huo: ni kitambaa cha nyuzi za plastiki ngumu kilichofunikwa pande zote mbili kwa plastiki laini. Likitobolewa na msumari halichaniki lote mara moja, maana kila uzi unaofuata huukabili mpasuko. Adui wake mkubwa ni jua.

Wahandisi huchanganya aina mbili za nyuzi au zaidi ndani ya gundi moja, na hiyo ndiyo kompositi mseto. Nyuzi za mgomba huchanganywa na katani, au na nyuzi za kioo zile za faibaglasi. Kioo kina nguvu kuliko mgomba mara kadhaa, ila ni kizito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.5 hivi, ya mgomba kama 1.35. Ubao ukipindwa, upande mmoja huvutwa na mwingine hugandamizwa, ilhali katikati hapapati shida kubwa. Basi kioo huwekwa nje na mgomba ndani. Ubao unabaki mgumu, uzito unapungua na kioo cha kununuliwa kinatumika kidogo. Ukigeuza mpangilio, mgomba nje na kioo ndani, viungo ni vilevile lakini ubao unapinda upesi zaidi.

Mseto una jambo jingine la kushangaza. Mwaka 1972 mtafiti Mjapani Hayashi alionyesha kwamba nyuzi za kaboni zilizochanganywa na za kioo zilivutika zaidi kabla ya kukatika kuliko zilipokuwa peke yake. Jirani mvumilivu huzuia kukatika kwa uzi mmoja kusiwe kukatika kwa zote.

Tatizo ni maji. Nyuzi za mgomba hupenda maji, na resini, yaani ile gundi, huyakataa, kwa hiyo hazishikamani vizuri. Dawa inayotumika sana ni kuziosha kwa magadi makali ya sodiamu haidroksaidi, yaondoe nta na kuukwaruza uso wa uzi. Yakizidi, huula uzi wenyewe. Baadaye unyevu ukiingia, uzi hufura na kuisukuma resini. Ukikauka, hunywea na kuacha mwanya. Msimu baada ya msimu, ubao hulegea kwa ndani huku kwa nje unang'aa.

Kompositi za namna hii si ndoto, lakini. Katikati ya miaka ya 2000 gari la Mercedes-Benz A-Class lilifungwa kifuniko cha gurudumu la akiba chenye nyuzi za abaka, mmea wa ukoo wa mgomba kutoka Ufilipino.

Mimi paa la mgomba siliamini, wala boriti. Naamini siling bodi, milango ya ndani, madawati. Na sikubali shina kuitwa taka, kwa sababu ndilo linalotunza unyevu na kurudisha rutuba shambani. Ila hesabu inatusaidia: shina ni maji karibu yote, na kilo 100 zake mbichi hutoa kama kilo moja tu ya nyuzi kavu. Mashine ya kukamua nyuzi ikipelekwa shambani, karibu kila kitu kinabaki pale pale. Shina likisombwa hadi kiwandani mjini, shamba limeibiwa.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kipo tangu 1989, na migomba imekizunguka. Mahali pa kuzifanyia utafiti nyuzi hizi hapakosekani. Wewe mnunuzi, ukiletewa ubao wa nyuzi za mgomba ukaambiwa una nguvu kiasi gani, uliza kipimo hicho kilichukuliwa ukiwa mkavu au baada ya kulowekwa. Muuzaji akikosa jibu, usiufunge mahali panapovuja.