Herufi ya 52: gharama halisi ya kulinganisha kingamwili mtandaoni

IWYDGSNK na ISYDGSNK. Herufi nane kwa nane, na zinatofautiana kwenye ya pili tu. Ni vipande vya mifuatano itokanayo na jeni mbili za binadamu, VH3-33 na VH3-30, ambazo mwili huzitumia kuunda mnyororo mzito wa kingamwili. Kila herufi ni asidi amino moja. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza kingamwili za Watanzania waliojitolea kuchanjwa kwa PfSPZ, chanjo ya malaria, walieleza kuwa zile zilizozuia vimelea kwa nguvu zaidi zilitoka kwa watu tofauti lakini zilitokana na jeni hizo hizo, katika aina zenye triptofani (W) au arginini (R) kwenye nafasi ya 52. Ndiyo hiyo herufi ya pili.

Huwezi kuiona herufi kama hiyo bila kuipanga mifuatano mingi sambamba, safu kwa safu. Kwa fedha, kazi hiyo ni bure: programu ya Clustal Omega iko kwenye seva za EMBL-EBI, Uingereza. Bando nalo haliumii. Sehemu badilifu ya mnyororo mzito ina herufi kama 120, hivyo mifuatano 100 ni herufi 12,000, yaani KB 12 na ushei. Picha moja ya simu huizidi mara nyingi.

Hesabu inayofanyika ndani ya kompyuta ni habari nyingine. Kulinganisha mifuatano miwili kikamilifu ni kujaza jedwali la 120 kwa 120, viseli 14,400. Mifuatano 100 ina jozi 4,950, jumla viseli milioni 71 hivi. Mashine inayojaza viseli bilioni moja kwa sekunde haimalizi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini jaribu kuipanga 10 tu kwa pamoja, kwa ukamilifu ule ule. Viseli vinakuwa 120 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani takriban 6 ikifuatiwa na sifuri 20. Mashine ile ile ingehitaji miaka 19,600 hivi.

Kwa hiyo programu za aina hii hukadiria. Hutengeneza kwanza mti wa ufanano, kisha huunganisha mifuatano iliyo karibu na kusonga mbele. Ukadiriaji huo ndio uliowawezesha waandishi wa Clustal Omega kuonyesha, mwaka 2011, kwamba inapanga zaidi ya mifuatano 190,000 kwa saa chache kwenye prosesa moja.

Hapa ndipo gharama ya kweli inapojificha. Kitanzi cha CDR3 cha mnyororo mzito, ambacho mara nyingi ndicho kinachokishika kimelea, kinaweza kuwa na herufi 8 kwenye kingamwili moja na 20 kwenye nyingine. Vistari 12 vya kujazia pengo vitawekwa wapi? Programu ya jumla huviweka panapoipa alama nyingi, bila kujua umbo la kitanzi. Mfumo wa IMGT, ulioanzishwa Montpellier, Ufaransa, mwaka 1989, huviweka katikati ya kitanzi, na sisteini mbili zinazoshikana hubaki daima kwenye nafasi za 23 na 104. Mimi naamini safu za mfumo huo kuliko rangi za kupendeza za programu ya jumla.

Namba zenyewe pia zina mtego. Ile 52 ya watafiti wa malaria ni ya mfumo mwingine wa namba, wa Kabat. Kwa IMGT, herufi hiyo hiyo ni ya 57. Mtu akichanganya mifumo miwili kwenye jedwali moja, anaweza kuagiza badiliko la jeni kwenye herufi isiyohusika, na kingamwili ya majaribio, tofauti na ulinganishaji, hailetwi bure.

Basi wewe mwanafunzi uliye na faili lako la kwanza la kingamwili: tenga minyororo mizito na miepesi, ipe namba kwa IMGT kabla ya kutazama safu yoyote, na kila unapoandika nafasi, taja mfumo ulioutumia.