Barafu Iliyokunja Udongo

Muhula uliopita nilipata sufuri kati ya alama tano katika swali la picha. Ilikuwa picha ya ukuta mrefu wa udongo kando ya bahari huko Norfolk, Uingereza, ambao matabaka yake yamekunjamana kama blanketi ya mtoto asiyetulia usingizini. Mimi nikaandika: tetemeko la ardhi. Kumbe ni barafu!

Yapata miaka 450,000 iliyopita, barafu nene ilifika Norfolk ikisukuma mchanga na udongo uliokuwa mbele yake. Iling'oa hata mapande ya mwamba wa chaki, mengine marefu kuliko darasa letu, ikayapachika katikati ya udongo. Charles Lyell aliandika habari za kuta hizo mwaka 1840.

Hata hivyo sikuridhika. Nyumbani nilichukua karai nikatandaza unga, jivu, unga tena, jivu tena, kisha nikasukuma polepole kwa kipande cha ubao. (Mama aliuliza unga wa chapati umeenda wapi. Hiyo ni hadithi nyingine.) Basi matabaka yakapanda moja juu ya jingine, yote yakiinamia kule ubao ulikokuwa ukielekea. Ndiyo maana wataalamu huangalia mikunjo imelalia upande gani, wakajua barafu ilitoka wapi.

Lakini si kila mkunjo umesukumwa. Kipande cha barafu kilichofukiwa kikiyeyuka, mchanga wa juu hukosa pa kukaa, ukakatika na kudidimia kama kifuniko cha choo kikuukuu. Na mchanga mzito ukitua juu ya matope yaliyolowa, huzama mabonge mabonge, nayo matope hupenya juu kama ndimi za moto. Hapo hakuna aliyemsukuma mwenzake. Tetemeko nalo laweza kuvuruga mchanga uliolowa vivyo hivyo! Kwa hivyo ukiona tabaka moja tu limevurugika, huku la chini na la juu yametulia, usikimbilie kusema ni barafu iliyosukuma.

Nilimpelekea mwalimu hoja hiyo pamoja na karai langu. Akaniuliza: na yale mapande ya chaki, yalipandishwa na tetemeko? Nikanyamaza. Akacheka, akaniambia nimefikiri vizuri, na ile sufuri akaiacha palepale.