Sumaku na baridi kali: Kwa nini transista za mashine ya MRI huchaguliwa mkao

WILAYA za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafahamika zaidi kwa dhahabu ya Nyamongo na kwa makundi ya nyumbu yanayovuka Mto Mara kila mwaka. Ni wachache wanaojua kwamba upande huo wa nchi umo pia katika kumbukumbu za wanajiolojia kwa sababu ya gesi ya heli.

Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1950 na 1960 katika chemchemi za moto nchini ulibaini kuwa mapovu ya baadhi ya chemchemi hizo yana heli kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mojawapo ni Maji Moto, ambayo zama hizo ilihesabiwa chini ya Musoma. Leo kata ya Majimoto imo wilayani Serengeti. Heli hiyo huzalishwa polepole ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati urani iliyomo inapojivunja yenyewe kwa mnururisho. Tangu mwaka 2016 macho ya wawekezaji yameelekezwa zaidi katika bonde la Rukwa, ambako kisima kilichochimbwa Itumbula kilitoa heli hadi juu ya ardhi mwaka 2024.

Wengi huijua heli kwa maputo ya sherehe, lakini kazi yake kubwa ni kupoza sumaku za mashine za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili bila kutumia mionzi ya eksirei. Mgonjwa wa Mugumu au Tarime anayehisiwa kuwa na uvimbe katika uti wa mgongo hawezi kupata kipimo hicho katika hospitali ya wilaya. Hulazimika kusafiri hadi hospitali kubwa, mara nyingi akiwa na ndugu wa kumsindikiza, na akifika huenda akaambiwa mashine ni mbovu. Novemba 2015, Rais John Magufuli alipofanya ziara ya kushtukiza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, aliikuta mashine ya MRI haifanyi kazi.

Kwa nini mashine hii ni ngumu kuibuni na ghali kuitunza? Sehemu ya jibu imo katika mambo mawili ambayo vifaa vya kielektroniki havikuumbiwa: sumaku yenye nguvu nyingi, na baridi isiyopatikana mahali popote duniani kwa njia ya asili.

Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni makumi ya maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia. Sumaku hiyo hutengenezwa kwa nyaya za mchanganyiko wa niobi na titani, zilizotumbukizwa katika heli ya kimiminika yenye nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo nyaya hupitisha umeme bila ukinzani wowote, hivyo mkondo ukishaingizwa huendelea kuzunguka wenyewe kwa miaka.

Ndani ya sumaku hiyo, karibu kabisa na mgonjwa, huwekwa koili ya kupokea ishara zinazotoka mwilini. Ishara hizo ni hafifu mno. Zikipelekwa kwa waya hadi chumba cha pili kabla ya kukuzwa, humezwa na kelele za umeme za waya wenyewe. Kwa hiyo amplifaya ya kwanza lazima ikae pale pale, ndani ya sumaku.

Katika mashine za kawaida amplifaya hiyo hufanya kazi katika joto la chumba. Katika mitambo ya utafiti, kama ile ya kupiga picha za panya wa maabara na ile ya kuchunguza muundo wa kemikali, wahandisi wamekwenda mbali zaidi. Koili hupozwa hadi chini ya nyuzi 240 hasi, na amplifaya hadi karibu nyuzi 196 hasi. Kelele hupungua, na ubora wa ishara huweza kuongezeka zaidi ya maradufu. Hapo ndipo baridi na sumaku hukutana katika kifaa kimoja, na hapo ndipo kasheshe huanza.

Transista hufanya kazi kwa kusafirisha elektroni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall, akitumia karatasi nyembamba ya dhahabu, alionyesha kuwa sumaku husukuma mkondo wa umeme kwenda pembeni. Ndani ya transista, elektroni inayosukumwa pembeni hulazimika kupita njia ndefu zaidi. Ukinzani hupanda, nguvu ya kukuza hushuka, na kelele huongezeka.

Katika joto la kawaida athari hiyo si kubwa. Elektroni ndani ya silikoni ni kama mtu anayepita sokoni siku ya mnada: hata akisukumwa upande mmoja, hagongani mara mbili bila kugeuzwa mwelekeo, na msukumo ule haumfikishi mbali. Kwa tesla 1.5, ukinzani wa silikoni haupandi hata kwa asilimia 5.

Baridi hulitawanya soko. Mitetemo ya atomi hutulia na elektroni hukimbia masafa marefu bila kugongana, jambo ambalo ndilo mhandisi alilitafuta alipoamua kupoza. Lakini elektroni isiyogongana ndiyo ambayo sumaku huipinda kwa urahisi zaidi. Katika transista za galiamu na aseniki, ambazo hupendwa kwa sababu elektroni zake huenda kasi, faida yote iliyoletwa na baridi inaweza kunyang'anywa na sumaku.

Tiba yake ni rahisi kuliko inavyotarajiwa. Katika transista za aina hiyo elektroni hutembea ndani ya tabaka jembamba sana, bapa kama karatasi. Uga wa sumaku ukilitoboa bapa hilo kwa wima, elektroni hupindishwa. Bapa likilazwa sambamba na uga, elektroni husukumwa kuelekea juu au chini, ambako hakuna nafasi ya kwenda, nazo huendelea na safari yake. Ndiyo maana amplifaya ile ile, iliyofungwa kwa mkao tofauti, inaweza kufaa au kutofaa kabisa. Fundi anayebadilisha kipuri bila kujua hilo ataona kila kitu kimeunganishwa sawasawa, na picha bado ni mbaya.

Baridi nayo ina madai yake. Silikoni hupata elektroni za kusafirisha umeme kutoka kwa atomi chache za kigeni, kama fosforasi, zilizochanganywa ndani yake. Kwenye baridi ya heli atomi hizo huzishikilia elektroni zake na kipande hugeuka kuwa kama kioo, kisichopitisha umeme. Transista ambazo elektroni zake huvutwa na volti ya lango huendelea kufanya kazi, ingawa volti ya kuziwasha hupanda. Transista za zamani za silikoni zenye tabaka tatu hufifia. Zilizochanganywa na gemani huhimili.

Vipo pia vipuri vidogo ambavyo watu huvisahau. Viini vya feraiti, vinavyotumika katika transfoma na vichujio, hujaa sumaku kabla hata ya kufika nusu tesla, kisha huwa kama havipo. Badala yake hutumika koili zisizo na kiini. Feni na rilei hazina nafasi. Nikeli inayopakwa chini ya dhahabu kwenye viunganishi huvutwa na sumaku na kuharibu picha, hivyo hata rangi ya dhahabu si uthibitisho wa usalama. Kapasita nyingi za kauri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake katika baridi, na lehemu iliyotumika ovyo hupasuka kwa kuwa kila metali husinyaa kwa kipimo chake.

Juu ya hayo yote kuna bajeti ya joto. Mtambo wa kupoza unaotumika sana huondoa takriban wati 1 hadi 1.5 tu katika nyuzi 269 hasi, huku kompresa yake ikila takriban kilowati 7 za umeme. Saketi yoyote inayowekwa kwenye baridi hiyo lazima iridhike na miliwati chache. Kompresa hiyo nayo haitakiwi kuzimwa usiku wala mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, heli huanza kuchemka; na baridi ikipotea ghafla, kila lita moja ya kimiminika hugeuka kuwa lita zaidi ya 700 za gesi na kutokea kwenye bomba la paa. Mashine ya kawaida hubeba zaidi ya lita 1,000. Zipo sasa mashine zilizofungwa kabisa ambazo huhitaji lita 7 tu.

Njia nyingine imejaribiwa jirani. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wataalamu wa hapo na wenzao kutoka Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ndogo ya MRI katika muda usiofika wiki mbili. Hutumia sumaku za kudumu zenye nguvu ya takriban tesla 0.05, bila heli hata tone. Picha zake hazina ukali wa mashine kubwa, lakini zililengwa kwa watoto wenye maji kichwani, ambao ni wengi katika ukanda huu.

Katika sumaku dhaifu kiasi hicho, transista haipati shida ya kupindishwa. Tatizo hurudi kwenye kelele, na tofauti na mashine kubwa, ambamo kelele nyingi hutoka katika mwili wa mgonjwa, hapa hutoka katika shaba ya koili yenyewe. Koili hiyo ikipozwa, ishara huwa safi zaidi, na si lazima kwa heli. Naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 hasi, inatosha. Wafugaji wa Mara waliowahi kutumia huduma ya uhimilishaji wa ng'ombe wameuona mtungi wake: ndimo huhifadhiwa mbegu za madume zinazotoka katika kituo cha taifa cha Usa River, mkoani Arusha.