Kitanda Kinavyokula Miguu ya Mzee

Kata ya Muyama iko kwenye vilima vya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, upande wa kuelekea Burundi. Katika vilima hivi miguu ndiyo uhuru wa mzee. Shamba liko mteremkoni, maji yako bondeni, na choo cha nyumba nyingi ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Bibi aliyevunjika nyonga anaweza kupona mfupa ukaunga; babu aliyepigwa na kiharusi anaweza kutulia presha. Lakini akishindwa kuchuchumaa na kuinuka mwenyewe, kila aendapo haja lazima amwite mtoto au mkwe. Wapo wanaopunguza kula na kunywa ili wasiite.

Kumrudishia mgonjwa uwezo huo ndiyo kazi ya utengamao. Wengi huifikiria kuwa kazi ya baadaye, mgonjwa akisharuhusiwa. Mwili wa mzee haungoji.

Misuli hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na isiyotumika hujengwa kidogo. Kwa mzee ujenzi huo tayari umepungua kasi, na homa pamoja na mlo hafifu huzidisha ubomoaji. Mwaka 2007 watafiti wa Arkansas, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima wenye afya, wastani wa umri wao miaka 67, waliokubali kukaa kitandani siku 10. Kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Na hao hawakuwa wagonjwa! Mzee aliyevunjika paja, kama hakufanyiwa upasuaji, huweza kulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Wakati huo damu yaweza kuganda miguuni, makohozi yakajaa mapafuni, ngozi ya makalio na visigino ikafa kwa kugandamizwa. Akijaribu kusimama presha inashuka ghafla, anaona kizunguzungu, anarudi kulala. Nyumbani husemwa uzee umemfika, kumbe sehemu kubwa ya hayo imeletwa na kitanda.

Daktari Marjory Warren wa London aliliona hili zamani. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, alikabidhiwa mamia ya wagonjwa, wengi wao wazee fukara waliolazwa miaka na kukatiwa tamaa. Aliwapima mmoja mmoja, akawapanga kwa mahitaji yao, akawainua na kuwazoeza. Wengi walitembea tena, na baadhi walirudi makwao. Hakuwa na dawa ya ajabu.

Kuinua nako kuna kipimo chake. Utafiti mkubwa wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 kutoka nchi 5, ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mapema mno, ndani ya saa 24 tangu apigwe na kiharusi, tena kwa mazoezi mengi, kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Uchambuzi uliofuata ulielekeza kwenye mazoezi mafupi, yanayorudiwa mara nyingi kwa siku.

Nani atayarudia? Katika wodi zetu ndugu ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayemlisha na kumwogesha, kwa hiyo ni rahisi kusema ndugu afundishwe, basi. India walilijaribu hilo kwa wagonjwa 1,250 wa kiharusi, na matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha nafuu zaidi ya huduma ya kawaida. Sioni hapo sababu ya kumweka ndugu pembeni. Ninachoona ni kwamba hawezi kubebeshwa kazi ya mtaalamu.

Na wataalamu ni haba. Shirika la Afya Duniani linasema baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa uwiano huo, mkoa kama Kigoma, wenye watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2022, usingefikisha 25. Hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha wafiziotherapia kwa miongo mingi, lakini Moshi na Buhigwe zimetenganishwa na upana wa nchi.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mjadala wetu umehusu zaidi msamaha wa gharama na foleni. Ni mambo ya lazima. Hata hivyo, mzee aliyepewa dawa bure akarudishwa nyumbani hawezi kusimama, matibabu yake hayajakwisha.

Ukimlaza mzee wako, muulize daktari au muuguzi tangu siku za mwanzo: anaruhusiwa kuketi lini, na kusimama lini? Omba mtaalamu wa viungo amwone, nawe uwepo akionyesha mazoezi. Mweleze nyumbani pakoje: mlima, kitanda kilivyo chini, choo cha kuchuchumaa. Usikubali kuondoka kabla hujaonyeshwa jinsi ya kumwinua bila kumwumiza wala kujiumiza mgongo.