Askari Polisi Naye Ana Moyo: Kuhusu Akili ya Kihisia Kazini

Katika ukurasa huu wa afya mmezoea kutukuta tukizungumzia malaria, lishe ya watoto wachanga au shinikizo la damu. Mwezi huu tunaingia kituo cha polisi. Wengine watauliza, polisi na afya wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie. Wako wagonjwa ambao mlango wao wa kwanza si zahanati bali ni kaunta ya polisi, na namna wanavyopokelewa hapo ndiyo huamua kama watafika hospitali au watarudi nyumbani na kunyamaza.

Chukueni mfano wa familia yoyote ya hapa Kizota. Mama amegundua kwamba binti yake wa miaka kumi na mitatu amefanyiwa ukatili na mtu anayemfahamu. Ni usiku. Anamfunika kanga, wanatoka, wanapita kando ya maghala na malori yaliyoegeshwa kwenye barabara ya Singida, wanafika kituoni. Askari wa zamu yuko peke yake. Tangu jioni amepokea walevi wawili waliopigana, dereva aliyegonga pikipiki na mzee aliyeibiwa mbuzi. Amechoka. Mama anaanza kueleza, naye anaanzia mbali kama ilivyo desturi yetu, tangu siku yule mtu alipokuja kuomba maji. Binti anatazama chini, hasemi kitu.

Hapo askari anaweza kufoka: "Wewe mtoto, sema haraka! Mbona unanyamaza? Unadanganya?" Anaweza pia kutoka nyuma ya kaunta, akavuta kiti na kusema: "Karibuni mama, kaeni. Pole mwanangu." Maneno haya ya pili hayachukui hata nusu dakika, wala hayahitaji bajeti ya wizara.

AKILI YA KIHISIA NI KITU GANI?

Uwezo wa kuchagua maneno ya pili wakati umechoka na umekasirika ndio wataalamu wanaouita akili ya kihisia. Jina hili lilipata nguvu mwaka 1990, pale wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walipoandika kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kutambua hisia zake na za wenzake, kuzitofautisha, na kutumia anachokijua kuongoza mawazo na matendo yake. Mwaka 1995 Daniel Goleman alitoa kitabu kuhusu jambo hilo, kikasomwa dunia nzima. Bibi zetu hawakukisoma, lakini walipomwambia kijana "hasira hasara" walikuwa wanamfundisha somo lilelile.

Tuseme mapema kwamba hii si habari ya kuwa mpole tu. Askari anayecheka na kila mtu anaweza kukosa kabisa akili ya kihisia, na askari mkali wa sura anaweza kuwa nayo tele. Jambo la kutazama ni kama anajua kinachotokea ndani yake na ndani ya mtu aliye mbele yake, na kama anakitumia vizuri.

MWILI UNAPOKASIRIKA

Mtu akitukanwa au akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Macho huganda kwenye kile kinachotisha na kuacha kuona vya pembeni. Hata masikio huweza kukosa sauti iliyo karibu. Maandalizi hayo yanafaa sana kwa kukimbia au kupigana, ila hayafai kwa kupima maneno. Sehemu ya ubongo inayofikiri na kulinganisha mambo huachwa nyuma. Tena mwili hautulii papo hapo ugomvi unapokwisha, kwa hiyo askari aliyetoka kuamua ugomvi wa kilabuni anaweza kumpokea mlalamikaji mwingine akiwa bado na moto wa ule wa kwanza.

Ndiyo maana mafunzo ya polisi katika nchi kadhaa hufundisha kupumua. Msicheke. Mtu huvuta hewa kwa hesabu ya nne, huizuia kwa hesabu ya nne, huitoa kwa hesabu ya nne, mara tatu au nne hivi. Wengine hufundishwa kujiambia moyoni, "nimekasirika" au "ninaogopa", kwa sababu hisia iliyopewa jina hupungua nguvu. Na pale wanapokuwa wawili, aliyepandwa na hasira hurudi nyuma hatua moja na kumwachia mwenzake mazungumzo.

MTOTO AKINYAMAZA

Turudi kwenye yule binti, maana hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Watu wengi huamini kwamba aliyetendewa ukatili lazima awe analia, lazima awe alipiga kelele, na lazima aeleze mambo kwa mpangilio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Wakati wa hofu kubwa mwili unaweza kuganda kabisa, mtu asiweze kupiga kelele wala kusogea. Baadaye kumbukumbu huja vipande vipande: anakumbuka harufu ya pombe au rangi ya shati, lakini hakumbuki kama ilikuwa kabla ya magharibi au baada. Mwingine hucheka kwa woga. Mwingine huzungumza kama anasimulia habari za mtu wa jirani. Askari asiyejua haya huandika kwamba mlalamikaji "anajichanganya", na kesi huanza kufa siku ileile.

Liko na suala la macho. Watoto wetu wengi wamelelewa kutazama chini wanapozungumza na mkubwa, na hiyo ni heshima. Askari akiamuru, "Nitazame usoni!" kisha akadhani anayekwepa macho ana hatia, amesoma adabu kama uongo. Askari wetu wengi wamezaliwa mikoa ya mbali na kupangiwa kazi Dodoma. Mmoja wao akijifunza tu kumwambia bibi wa Kigogo "Mbukwenyi" kabla ya kuchukua kalamu, atapata maelezo marefu kuliko yule anayeanza na "Jina!"

Muda nao una thamani yake hospitalini. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa aliyebakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Familia iliyofukuzwa kwa maneno makali Ijumaa usiku ikajipa moyo wa kurudi Jumanne imekwisha kuvuka muda huo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Jeshi la Polisi Tanzania halikukaa tu. Tangu mwaka 2006, wakati Inspekta Jenerali alipokuwa Said Mwema, lilianza kuhubiri Polisi Jamii, yaani polisi na wananchi kushirikiana kuzuia uhalifu. Mwaka 2007 ulianzishwa Mtandao wa Polisi Wanawake. Kisha yakaja Madawati ya Jinsia na Watoto, ambayo sasa ni zaidi ya 400 nchini. Dawati likiwa zuri huwa na chumba cha faragha, na askari waliopewa mafunzo ya kumhoji mtoto bila kumtisha. Tunayapongeza kwa dhati. Hata hivyo kaunta hutangulia dawati. Mama wa Kizota hukutana kwanza na askari wa zamu, na huyo akifoka, chumba cha faragha kilicho nyuma yake hakina kazi. Kwa maoni yetu mafunzo haya yangeanzia kwa askari wa kaunta na wa doria.

KWATA PEKE YAKE HAITOSHI

Je, mambo haya hufundishika? Wako wanaosema moyo wa mtu haufundishwi. Lakini kuruta anayefika Shule ya Polisi Moshi hajui kwata wala kulenga shabaha, naye hufundishwa kwa kurudiarudia hadi mwili wenyewe ukumbuke. Kutulia nako hujengwa kwa kurudiarudia. Njia inayofaa ni maigizo: mmoja anakuwa mlevi anayetukana, mwingine mjane anayelia, mwingine mtoto asiyesema, na kuruta anashughulika nao mbele ya wenzake, kisha wanamwambia walichokiona.

Uzito wa jambo hili tunaujua kwa uchungu. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezungukwa na askari waliokuwa wakitawanya wafuasi wa chama cha siasa. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Hatudai kusoma kilichokuwa moyoni mwa yeyote siku ile. Tunachosema ni kwamba dakika za namna ile huja ghafla, na huwezi kuanza kumfundisha mtu kutulia wakati kidole kiko kwenye silaha.

Neno moja la tahadhari. Kusoma hisia za mtu kunaweza pia kutumika vibaya. Mpelelezi mjanja huweza kujua hofu ya mtuhumiwa na kuibonyeza hadi maskini akubali kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo mafunzo haya hayachukui nafasi ya sheria, wala hayatibu rushwa.

JIRANI ZETU WA MIREMBE

Sisi wa Dodoma tunayo sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa mjini, na familia nyingi zinajua maana ya kuita polisi wamsaidie ndugu aliyechanganyikiwa na kushika panga. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua askari polisi kuwa mmoja wa watu wanaoweza kumfikisha mgonjwa wa namna hiyo kwenye matibabu. Lakini mgonjwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii hatulizwi kwa amri ya "Weka silaha chini!" inayopigwa na watu watatu kwa pamoja.

Mji wa Memphis, Marekani, ulijifunza hilo kwa msiba. Mwaka 1987 polisi walimpiga risasi na kumuua kijana mgonjwa wa akili, Joseph DeWayne Robinson, aliyekuwa na kisu. Aliyeomba msaada alikuwa mama yake mzazi. Mwaka 1988 mji huo ulianzisha kikosi cha askari wa kujitolea waliofundishwa saa 40 na madaktari, pamoja na wagonjwa wenyewe na familia zao. Walifundishwa kuongea polepole, mtu mmoja tu aongee, kuacha nafasi, kuuliza jina, kuzima king'ora. Mpango huo umeigwa na miji mingi. Sisi tuna hospitali na tuna polisi katika mji mmoja. Waalimu hawako mbali.

ASKARI ANAPORUDI NYUMBANI

Mpaka hapa tumemtazama askari kwa macho ya mlalamikaji. Lakini askari naye ni muumini wa parokia fulani, ana mke au mume na watoto, na anaona kwa wiki moja mambo ambayo wengi wetu hatuyaoni maisha yote. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa wetu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kuna waliotoa miili ile kwenye mabehewa kwa mikono yao: askari, wauguzi, wanakijiji. Kazi ikiisha, aliyefanya hivyo huambiwa akapumzike, kana kwamba macho nayo yanavuliwa pamoja na sare.

Dalili za kuangalia nyumbani si ngumu kuzijua. Baba aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali kwa watoto kwa jambo dogo. Halali, au analala na kuamka akipiga kelele. Anashtuka mlango ukibamizwa, anakwepa njia fulani, pombe inaongezeka. Wengine hawakasiriki kabisa, bali wanakuwa baridi, hawasikii huruma wala furaha, na familia hudhani amewachoka. Mtu ambaye hisia zake zimekufa ganzi hawezi kusoma za mwingine. Yule askari wa kaunta aliyemfokea mtoto huenda ni mgonjwa ambaye hajatibiwa. Hilo halimwondolei lawama, ila linaonyesha mahali pa kuanzia.

Nchini Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichoundwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti Novemba 2023, kilitazama afya ya akili ya askari pamoja na mishahara na makazi yao. Ni vyema jambo hili lianze kusemwa hadharani, kwa sababu katika kambi nyingi askari anayekiri kwamba halali usiku huogopa kuitwa mwoga au kunyang'anywa silaha na cheo.

Mke wa askari anayesoma ukurasa huu asisubiri mpaka mume akubali kwamba anaumwa. Amuulize wakati wa utulivu, si mbele ya watoto, na aulize juu ya tukio, si juu ya tabia: "Ile ajali ya wiki iliyopita, ilikuwaje?" Akisimulia, asikatizwe hata kama anarudia yaleyale. Hali ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au akizungumza juu ya kujidhuru hata kwa mzaha, aende hospitali. Mirembe wanayo kliniki ya wagonjwa wa nje, ambako mtu huonwa na kurudi nyumbani kwake siku hiyohiyo.

Na mama mwenye binti? Aende kituoni akiwa na mtu mzima mmoja anayemwamini, asimwogeshe mtoto wala kufua nguo alizovaa, aombe Dawati la Jinsia na Watoto kwa jina lake, na achukue fomu ya PF3. Mtoto akiwa na majeraha makubwa aanzie hospitali, fomu itafuata. Asipojua pa kuanzia, simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.